Namba Mbili Ulizoniomba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wanangu wawili, pamoja na huyo wa tatu ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Nimeshukuru sana kusikia umejifungua salama. Je, miguu imepungua kuvimba? Na shemeji ameamka usiku kumbeba mtoto hata mara moja, au bado anajifanya amelala kama alivyofanya kwa wale wa kwanza? Ukitaka kujua hali yangu, mwili ni mzima. Nakula, kazini naenda, jino lile nimeling'oa. Mengine utayasoma humu.

Najua umeshangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu mimi ni mwoga. Mara tatu nilikupigia nikiwa nimejiandaa, na mara zote tatu tuliishia kuzungumzia bei ya nepi. Tena nilitaka kwanza ujifungue, maana mwenye mimba ya miezi minane haambiwi kila kitu. Naomba usome ukiwa umekaa, mtoto amelala, na wakubwa wametoka nje kucheza.

Uliniomba namba mbili: ya kaburi la Baba na ya kaburi la Mama, uziandike kwenye kitabu chako cha kumbukumbu, ili siku ukija uende mwenyewe bila kunisumbua. Ni ombi dogo. Karani aliyekaa ofisi ya makaburi miaka kumi na minne angelijibu kwa mstari mmoja. Mimi limenichukua wiki tisa.

Nianze na Baba, kwa sababu ulitaka kujua kila kitu na kwenye simu nilikueleza nusunusu. Alizikwa saa nne asubuhi, jua likiwa bado pole. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Wazee wanne wa kiwanda cha uchapaji walikuja wamevaa makoti, mmoja wao haoni tena, akawa anauliza kila dakika kama tumeshafika. Walisema hawajapata kumwona mpanga chapa mwenye mkono mwepesi kama wake, kwamba alikuwa akiokota herufi za madini ya risasi kwenye visanduku bila kuangalia huku akisimulia habari za jirani. Mjomba alitaka kutoa hotuba, tukamwahi. Shimo lilichimbwa vizuri na kingo zilinyooka. Jirani yake upande wa kushoto ni lile jiwe la kijivu unalolijua kwa picha, lenye jina la Mama. Kila mtu alisema angalau sasa wako pamoja. Nilisikia maneno hayo mara kumi na saba, nilikuwa nayahesabu.

Kopo la Baba ninalo mimi. Unalikumbuka, lile la maziwa ya unga, lenye tarakimu za risasi zilizochakaa alizoruhusiwa kuja nazo nyumbani? Nilipolifungua baada ya matanga nilikuta zote zimo isipokuwa ile nne uliyoimeza ukiwa na miaka sita, ukaharishwa siku mbili. Nilizimwaga mezani nikakaa nazo. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akitupanga, wewe kulia mimi kushoto, na kutuambia tuchague tarakimu nne zozote, mradi zisifanane zote. Tuzipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha kutoka ndogo kwenda kubwa, tutoe. Jibu nalo tulipange vilevile, tutoe tena. Na tena. Tulidhani tutamshinda siku moja, ukawa unachagua namba za ajabu, lakini kila mara, kabla ya kupita hatua saba, tunaangukia 6174, na ukiifikia hiyo hutoki tena. Baba aliiita nyumbani. Alisema namba ni watu, zinaweza kupotea njiani lakini mwisho zinarudi nyumbani.

Unakumbuka pia ile 142857 aliyoiita watoto wa duara? Ukiizidisha kwa mbili au kwa tatu, mpaka kwa sita, tarakimu ni zilezile zinazunguka tu zimeshikana mikono. Ukiizidisha kwa saba, watoto wote wanakimbia na zinabaki tisa tupu. Wewe ulicheka. Mimi nililia, nikauliza wamekwenda wapi. Baba akaniambia mimi ndiye Baki lake, niliyekuja baada ya hesabu kufungwa, na Baki halikimbii.

Lakini mchezo niliouchukua mpaka kazini ni ule wa tisa. Alitufundisha kwamba ukichukua namba yoyote, ukavuruga tarakimu zake, ukatoa ndogo kwenye kubwa, tofauti lazima igawanyike kwa tisa. Na ukijumlisha tarakimu za namba mpaka ibaki tarakimu moja, unapata kile alichokiita mzizi. Nilipoajiriwa makaburini Baba alifurahi kama ndiye aliyepata kazi, akaniambia nijitofautishe na makarani wengine. Kila namba ya kaburi niandike mzizi wake kwenye pembe ya kadi, kwa penseli. Anayenakili atajumlisha, na akikosea tarakimu moja mzizi utakataa na kosa litakamatwa papo hapo.

Kabla ya hapo ofisini kwetu tulikuwa na desturi ya kusomeana. Mchimbaji anapomaliza kuzika huandika namba kwenye kikaratasi na kukileta dirishani. Karani mmoja husoma kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, mwingine anafuata kwa kidole kwenye kitabu kikuu. Ni kazi ya kuchosha, koo linakauka, na mwenzangu alikuwa akisoma kama anaimbisha kwaya. Nilipomweleza mkuu wetu habari za mzizi alinisifu mbele ya wote. Kusomeana kukafutwa. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa yule karani mwerevu aliyewaokoa wenzake makoo.

Sasa wewe una akili za hesabu kunishinda, na nadhani umeshaona. Mzizi unakamata tarakimu iliyobadilika. Tarakimu zilizobadilishana nafasi haukamati, wala hautakamata milele, kwa sababu jumla ni ileile. Baba alitufundisha yote mawili tukiwa wadogo, na mimi nikachukua moja kazini nikaliacha la pili kwenye kopo. Naye hakuliona. Kiwandani kwake, mzizi au hapana mzizi, kila ukurasa ulisomwa tena na mtu wa pili mwenye karatasi ya asili mkononi. Hakujua kwamba sisi tumeacha.

Mwaka wa homa wewe ulikuwa umeshaolewa huko, na mipaka ilifungwa. Mama alipofariki hospitalini tulikatazwa kuingia makaburini. Waliozika ni wachimbaji peke yao, wamejifunga mpaka macho. Baba alisimama nje ya lango tangu asubuhi, ameshika kofia. Mimi nilikuwa ndani ofisini, kwenye dirisha linalotazama kitalu cha nne, na Mama alikuwa anapelekwa cha saba. Siku hiyo vilikuja vikaratasi arobaini na kimoja. Nilinakili vyote mwenyewe, na cha Mama pia, kwa mkono wangu, huku machozi yakidondokea meza na mwenzangu akiniambia niende nyumbani. Sikwenda. Nilitaka cha Mama nikiandike mimi. Kitalu cha saba, safu ya pili, nafasi ya sitini na tatu: 7263. Nikajumlisha, mzizi ni tisa. Nikatazama kikaratasi, mzizi ni tisa. Nikaandika tisa kwenye pembe.

Miezi mitatu baadaye lango lilipofunguliwa vilima vilikuwa vimeshalala kwa mvua, na kila kaburi lilikuwa na kigingi chenye kibati cha namba tu. Nikampeleka Baba kwenye 7263. Alipiga magoti. Mwaka uliofuata tukaweka jiwe, na fedha ya jiwe wewe ndiye uliyetuma. Kwa miaka tisa Baba alikwenda kila wiki na kopo la maji na ile brashi yake ya kusafishia chapa, akasugua herufi za jina la Mama moja moja, akamsimulia habari. Alifurahi sana alipogundua kwamba namba ya Mama inafika nyumbani kwa hatua tano kamili. Mimi nikamhifadhia nafasi ya pembeni, 7264, ambayo inachukua hatua saba, na hakuna namba inayochukua zaidi ya hizo. Akasema ni sawa, Mama alimtangulia, yeye atachelewa hatua mbili.

Sasa nimfikie Futi Sita. Huyu ndiye mchimbaji aliyemzika Mama. Wenzake walimpa jina hilo kwa utani, maana yeye mwenyewe hafiki tano na nusu. Baada ya mwaka wa homa alihamishiwa makaburi mapya ng'ambo ya mji, na mwaka huu amerudishwa kwetu kumalizia miezi ya mwisho kabla ya kustaafu. Baba wakati huo alikuwa ameshalala kitandani na daktari alishatuambia tuhesabu wiki. Siku ya kwanza Futi Sita alizunguka vitalu vyote kusalimia kazi zake, kama alivyosema, kisha akaja dirishani, akavua kofia, akaniuliza kwa upole kwa nini jiwe la mama yangu limewekwa juu ya yule bwana mzito.

Nilimwambia amekosea. Akasema hakosei, kwani yule bwana walimbeba watu sita na mmoja alitegua mgongo. Mama yangu, yeye mwenyewe ndiye aliyemchagulia nafasi ya thelathini na sita, karibu na bomba, kwa sababu ni mama wa karani na alijua tutataka maji ya kumwagilia maua. Akatoa mfukoni daftari la shule, kuukuu, ambalo huandika makaburi yake yote tangu ujana. Ukurasa wa siku ile una 7236, na pembeni, kwa mwandiko wake wa kubomoka, mama wa karani.

Dada, nilikwenda kabatini nikatafuta kikaratasi cha siku ile. Kipo. Kimeandikwa 7236, wazi kabisa, hata mtoto angesoma. Mimi ndiye niliyezipindua tarakimu.

Na lingekuwa hilo tu ningesema ni majonzi, ni machozi, ni binadamu. Lakini kesho yake, wakati ule wa homa, alizikwa huyo bwana mzito, mtu asiyejulikana, na Futi Sita akaleta kikaratasi chake chenye 7263. Nilifungua kitabu nikakuta 7263 imeshajaa, kuna Mama. Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kuliona kosa langu. Nilimwita Futi Sita dirishani nikamwambia amepindua tarakimu, angalia, 7236 iko wazi na mzizi ni uleule tisa, bila shaka ndiyo aliyokusudia. Alisema hapana, ameandika kama alivyochimba. Nikacheka. Nikamwambia, mbele ya wenzake, kwamba jembe halifundishi kalamu. Nikasahihisha kwa wino mwekundu. Yeye akasema basi, yeye anazika, mimi naandika, nikiandika ndivyo. Maneno hayo hakuyasahau. Mimi nilikuwa nimeyasahau kabisa mpaka aliponikumbusha, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilidhani nitarekebisha. Nilijiambia jiwe linahamishika, Baba ataelezwa taratibu, atapata nafasi karibu na bomba. Nilitoka mbio kwenda safu ya pili, kuhesabu vigingi. Nafasi ya thelathini na sita ina kaburi jipya, la mwanamke mwingine, lenye vigae vya bluu.

Dada yangu, hapa ndipo nilipokuwa napazunguka tangu mwanzo wa barua. Sheria yetu ni kwamba kaburi lisilo na jiwe, lisiloulizwa na mtu kwa miaka minane, husawazishwa litumike tena, na mifupa huhamishiwa shimo la pamoja nyuma ya stoo. Orodha ya namba hubandikwa langoni miezi mitatu. Mwaka jana 7236 ilikuwemo kwenye orodha. Niliichapa mimi. Niliitia tiki mimi. Sahihi iliyo chini ya karatasi ya kumwondoa Mama yetu ni yangu, ileile unayoiona mwisho wa barua zangu. Shimo lile lilijaa, na mwezi wa tatu likafunikwa zege. Nimemuuliza mkuu wetu, nimemwandikia aliye juu yake, nimejibiwa kwamba hata likivunjwa hakuna atakayeweza kutenganisha nani ni nani. Nami najua ni kweli, kwa sababu nimeshaona linavyojazwa.

Kuna jingine. Baba alikuwa akipita langoni kila wiki, na unajua hakuwa mtu wa kupita maandishi bila kuyasoma. Jioni moja ya miezi ile alirudi amechangamka, akaniambia kwenye orodha ameiona namba ya Mama iliyogeuzwa mkia, na kwamba tofauti ni ishirini na saba, mbili na saba tisa, kama kawaida. Kisha akasema maskini huyo, miezi yote hiyo hakuna hata mtu mmoja wa kumuulizia. Nami nilimwongezea chai nikamwambia ndivyo watu walivyo siku hizi.

Tangu Futi Sita aje dirishani mpaka Baba anafariki zilipita wiki sita. Kila siku nilirudi nyumbani nimeshika maneno mdomoni, na kila siku nilimkuta amedhoofika kuliko jana. Wewe ungefanyaje? Usinijibu. Siku tatu kabla ya mwisho aliniita, akataka nimwinue kwa mito, akaniuliza namba zao. Nikamtajia, 7263 na 7264. Akataka mizizi. Nikasema tisa, na moja. Akafumba macho, nikadhani amelala, kumbe anahesabu hatua kwa vidole juu ya shuka. Alipomaliza aliniuliza jambo ambalo sikulitegemea, swali la mtu wa kiwandani: je, kuna mtu aliyewahi kukaa na kitabu mkono huu na karatasi ya asili mkono huu, akasoma tarakimu kwa tarakimu?

Nilimwambia ndiyo, Baba, nimesoma mwenyewe. Na ilikuwa kweli, nilikuwa nimesoma. Akaniuliza kama namba ilitimia. Nikamwambia imetimia.

Alinishika mkono, akasema basi ni hatua mbili tu.

Kwa hiyo tumemlaza Baba pembeni ya bwana mzito asiye na jina, ambaye kwa miaka tisa amesimuliwa habari zetu zote, mambo ya ndoa yako, kuzaliwa kwa wanao, jino langu. Mama yuko chini ya zege nyuma ya stoo, mahali wachimbaji wanapoegesha toroli. Nimejaribu kupeleka maua pale. Siku ya pili nilikuta mtu ameyafagia, na sikuweza kumlaumu, kwa sababu hakuna kibati. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini huyu wangu amezaliwa mzee tayari. Ofisini nimerudisha kusomeana. Mwenzangu ananuna kwa ajili ya koo lake na hajui kwa nini nimebadilika. Futi Sita anajua, na ananisalimia kama kawaida.

Juzi nilijaribu ule mchezo tena kwa zile za risasi. Nikaweka ya Mama ya kweli, 7236. Hatua tano, 6174. Nikaweka ya yule bwana. Hatua tano, palepale, njia ileile, bila tofauti ya tarakimu moja. Nilikuwa sijawahi kujiuliza kwa nini. Ni kwa sababu jambo la kwanza unalofanya katika mchezo ule ni kuzipanga upya, na ukishazipanga upya, ilikotoka kila moja kumeshapotea. Ukiwafundisha wanangu, wafundishe na hilo.

Sikuombi unisamehe kwa barua ya kurudi. Ukitaka kunipigia kunitukana, nipigie, mchana nipo ofisini, usiku nipo na kopo. Mjomba na shangazi hawajui, nawe ukiona wajue, waambie wewe, mimi nimeshindwa. Nisalimie shemeji. Mbusu mtoto mchanga, na hao wakubwa waambie mama yao mdogo anawapenda, hata kama itabidi siku moja wasikie habari zangu.

Namba ulizoniomba: ya Baba ni 7264, kitalu cha saba, safu ya pili. Nimeisoma kwa sauti mara mbili nikilinganisha na kikaratasi. Ya Mama sina.

Ni mimi mdogo wako,
Baki